"Huyo ni mshauri tu, si mwajiriwa": dhana za mabosi wa nje wanaoajiri Tanzania

"Huyo si mwajiriwa wetu, ni mshauri mwelekezi. Tunamkata asilimia 5 ya malipo yake kama kodi ya zuio, basi."

Kauli hii huniletea mara nyingi kampuni ya Nairobi, Kampala au Dubai iliyopata kijana hodari wa Mwanza au Arusha wa kuiuzia bidhaa. Kazi yangu ni kuandaa mishahara kwa waajiri wa namna hiyo, na nimechoka kuijibu kwa simu. Leo naijibu kwa maandishi ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu.

Tanzania Bara ina Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004. Kifungu cha 61 kinataja vigezo saba, na kimoja tu kikiwepo, mtu huyo anahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka anayemlipa athibitishe vinginevyo. Je, unamwelekeza namna ya kufanya kazi? Unampangia saa? Kama anafanya kazi kwenye taasisi, ni sehemu ya taasisi hiyo? Amekufanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Anakutegemea wewe kiuchumi? Umempa vitendea kazi? Anamfanyia kazi mtu mmoja tu?

Sasa mchukue huyo kijana wa Mwanza anayeuza taa za umeme wa jua. Ana fulana yenye nembo yenu, simu mliyomnunulia na pikipiki mliyomkodishia. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi anaingia kwenye kikao cha mtandaoni, na akichelewa anaulizwa. Akitaka kwenda msibani anaomba ruhusa. Hana mteja mwingine wala muda wa kumtafuta. Sheria inataka kigezo kimoja. Huyu anavyo karibu vyote. Unaweza kuandika "Mkataba wa Huduma za Ushauri" kwa wino wa dhahabu na kuugonga muhuri wa wakili, haitasaidia kitu.

"Lakini yeye mwenyewe alikubali na akasaini." Najua. Alikuwa anatafuta kazi, angesaini hata karatasi tupu.

Hasara yenyewe haionekani wakati pesa inaingia kila mwezi, ndiyo maana mabosi hawaniamini. Inaonekana siku mnapomwandikia ujumbe wa WhatsApp kwamba huduma zake hazihitajiki kuanzia kesho. Hapo ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ikionekana alikuwa mwajiriwa, wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha kwamba ulikuwa na sababu halali na ulifuata utaratibu. Ujumbe wa WhatsApp si utaratibu. Halafu yanafuata mengine: notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, likizo aliyolimbikiza, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10.

Habari zikifika kwa mamlaka ya mapato, TRA, ile asilimia 5 haitakuokoa. Kodi ya mishahara ambayo ulipaswa kukata na hukukata inadaiwa kwako. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nao watataka michango ya asilimia 20 ya mshahara, sehemu yake na yako, tangu mwezi wa kwanza. Na omba Mungu asiwe ameanguka na pikipiki, kwa sababu hukumsajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mchango wake ni nusu ya asilimia moja tu ya mshahara. Mtu anakwepa shilingi elfu chache kwa mwezi ili aje kubishana kuhusu gharama za upasuaji wa mguu!

Washauri wa kweli wapo. Mhasibu mwenye ofisi yake, wateja wengine, kompyuta yake na ankara zake, huyo mlipe kwa ankara na umkate kodi ya zuio bila wasiwasi. Kipimo changu, ambacho hakimo kwenye sheria ila hakijawahi kuniangusha, ni hiki: akiumwa, anaweza kumtuma mwenzake aifanye kazi bila kukuomba ruhusa? Ukistuka kusikia swali hilo, basi huyo ni mwajiriwa wako. Mwandikie mkataba wa ajira, mfupi na kwa Kiswahili, wenye cheo, kituo cha kazi, saa, mshahara na likizo. Usipouandika, mkifikishana kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unakuangukia wewe mwajiri.

Ndugu yake dhana hiyo ni ile ya "mkataba wetu unasema utatawaliwa na sheria za Kenya." Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inawahusu waajiriwa wa Tanzania Bara, na bosi kukaa Westlands, Nairobi, hakumwondoi mtu wa Mwanza humo. Tuendelee.

Linalofuata kwa kunipandisha presha ni mshahara wa mkononi. Bosi anamwahidi mtu "milioni moja na nusu, safi," kisha ananiletea bajeti ya milioni moja na nusu. Tupige hesabu kwa viwango vya kodi vilivyoanza mwaka 2021, ambavyo mshahara wa hadi 270,000 kwa mwezi haukatwi kitu na unaozidi 1,000,000 unalipa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kile kinachozidi 1,000,000. Mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, ukiwa 1,500,000, mfanyakazi anachangia NSSF 150,000, inabaki 1,350,000 ya kutozwa kodi. Kodi ni 233,000. Kinachoingia mkononi ni 1,117,000.

Ili apokee 1,500,000 uliyoahidi, mshahara ghafi unatakiwa kuwa takriban 2,108,000. Ongeza asilimia 10 ya NSSF ya upande wako na ile nusu asilimia ya WCF, gharama yako inafika takriban 2,330,000 kwa mwezi. Ukifikisha wafanyakazi 10, unaongezewa SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, na hiyo hairuhusiwi kumkata mfanyakazi. Kwa hiyo nakusihi: kwenye barua ya kumpa mtu kazi, andika mshahara ghafi peke yake. Ukiandika wa mkononi, kila bajeti ya serikali inayogusa kodi itakugusa wewe.

"Yuko kwenye majaribio, NSSF tutaanza akithibitishwa." Hapana. Michango inaanza na mshahara wa kwanza. Kilicho tofauti kwa mtu ambaye hajafikisha miezi sita ni kwamba ile sehemu ya sheria inayohusu kuachishwa kazi isivyo halali haimgusi, na hapo ndipo mkanganyiko huu unapoanzia, nadhani.

Wenzetu wa Kenya hulalamika kwamba likizo ya Tanzania ni ndefu mno, siku 28 wakati kwao ni 21. Wasome vizuri. Siku 21 za Kenya ni siku za kazi. 28 za Tanzania ni mfululizo, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki hizo ni siku 20 za kazi. Mkenya ana nafuu kidogo.

Kuna wanaomleta meneja kutoka Nairobi kuja kusimamia Dar es Salaam kwa hoja kwamba sote ni Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja ipo tangu 2010, na pasi ya Afrika Mashariki itamvusha mpaka wa Namanga vizuri tu. Kufanya kazi ni jambo jingine: anahitaji kibali cha kazi cha Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya ajira za wageni ya 2015, halafu kibali cha ukaazi cha Uhamiaji. Vibali viwili, ofisi mbili. Anayekwambia kimoja kinatosha anakutafutia faini.

Na kama mtu wako yuko Unguja au Pemba, karibu yote niliyoandika juu ya mikataba na NSSF yaweke kando. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya 2005, na mfuko wake, ZSSF. Usimsajili mfanyakazi wa hoteli ya Paje kwenye NSSF kwa sababu tu akaunti yako ya mwajiri iko Dar.

Mwisho, tarehe. Kenya kodi ya mishahara, PAYE, inalipwa kabla ya tarehe 9 kupita. Tanzania ni tarehe 7. Pesa ya kutoka nje huweza kukaa benki siku mbili tatu kabla ya kuonekana, kwa hiyo ukinitumia tarehe 6 jioni na neno "haraka tafadhali," riba ni yako.