Makapi mengi si lazima nguvu nyingi

Wengi wanaofunga kamba ya kukazia tanga kwenye mashua ndogo huhesabu makapi, yaani magurudumu madogo ya kupitishia kamba: mawili, basi nguvu mara mbili, manne, mara nne. Sivyo. Kapi lililofungwa chini ya mlingoti, lisilosogea, hubadilisha tu upande wa kuvutia. Kinachohesabiwa ni vipande vya kamba vinavyolivuta kapi linalosogea, yaani lile lililoshikana na tanga.

Chukua makapi mawili, moja mashuani, jingine kwenye tanga. Anzia kamba kwenye kapi la mashuani, ipitie la tanga, irudi mashuani hadi mkononi: vipande 2, nguvu mara 2. Sasa igeuze. Ifunge kwanza kwenye kapi la tanga, izunguke la mashuani, ipande ipitie la tanga, kisha uivute kuelekea chini. Vipande 3, nguvu mara 3, kwa vifaa vilevile!

Ila hakuna cha bure. Kwenye mpangilio wa nguvu mara 4, kuvuta tanga chini sentimita 10 kunataka uvute kamba sentimita 40, na kila kapi hula nguvu kidogo kwa msuguano. Nimeona mashua zilizojazwa makapi hadi upepo ukipungua, tanga linagoma kulegea lenyewe.