Kabla hujaagiza mlango wa nakshi: kujenga nyumba mpya Mji Mkongwe Bagamoyo

Kila anayepata kiwanja huku Mji Mkongwe simu yake kwangu inakuwa ileile: "Injinia, nataka nyumba ya kisasa ila iwe na uzamani uzamani hivi, tupige matao pale mbele na mlango wa nakshi, basi." (Huku kila mwenye ramani mkononi ni injinia, mi ni msanifu majengo ila nimechoka kusahihisha.) Sasa naandika hapa ili next taimu niwe natuma linki tu.

Mlango wa nakshi sina ugomvi nao. Ila unaweza kuweka mlango mkali kuliko yote pwani hii na nyumba bado ikakaa kigeni, kwa sababu anayepita mtaani haanzi na mlango, anaanza na nyumba imekaa wapi. Pita Mtaa wa India uangalie, ukuta wa mbele ndo mwisho wa kiwanja, nyumba zimeungana mstari mmoja na kati ya ukuta na barabara kuna baraza tu, watu wanakaa, wanauza, wanapiga bao na stori. Halafu anakuja mtu wa sasa, anairudisha nyumba nyuma, mbele anapiga fensi ya blok na geti jeusi na nyaya za umeme juu, mtaa unabaki kama mdomo uliong'olewa jino la mbele. Yaani hilo pengo hamna nakshi inayoliziba. Kwa hiyo mchoro wangu unaanza hapo: ukuta kwenye mstari wa jirani, baraza nje, ua wa kufulia na kupumzikia uwe nyuma au katikati ya nyumba kama wazee walivyofanya. Na usalama je? Baraza lenye watu jioni linalinda vizuri tu.

Kimo nacho. Makao makuu ya Mjerumani yalitoka hapa yakahamia Dar es Salaam mwaka 1891, maji ya bandari yetu ni mafupi meli kubwa hazisogei, basi pesa ikaenda huko na mji ukabaki mdogo, nyumba zake fupi. Hata Boma la 1897, jengo la serikali lile, ni chini na juu tu. Sasa wewe na familia yako ghorofa nne za nini?

Madirisha ndo yanaharibu nyumba nyingi. Dari la zamani lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki upana mkubwa, ni kama mita tatu hivi, kwa hiyo vyumba vikawa vyembamba na virefu, kuta za mawe ya matumbawe zikawa nene hadi nusu mita, na madirisha yakasimama, membamba marefu yenye mbao za kufungua. Sisi leo tunaweka slaidi ya alumini iliyolala, pana kuliko mlango, alafu fremu inakaa usawa wa lipu nje kabisa. Weka mawili yaliyosimama badala ya moja lililolala, na fremu irudi ndani ili kuwe na kivuli kwenye ukingo. Ukuta wa blok ya inchi 6 hauna unene wa kuchezea, hapo mbele nakushauri uzilaze blok kwa upana au uzijenge mbili mbili, gharama inapanda kidogo ila upande wa mtaani tu. Sikwambii utafute boriti mpya wala matumbawe, mikoko inalindwa na miamba ya baharini iacheni na samaki wake.

Lipu sasa, hapa nakaa kidogo. Nyumba yako ikigusana na ukuta wa zamani, usikubali fundi aupige saruji ule wa jirani "kuusaidia". Ukuta wa mawe na chokaa unavuta unyevu toka chini na kuutoa taratibu kupitia usoni, ukiufunga kwa saruji maji yanabaki ndani, chumvi inajaa, na baada ya masika kadhaa lipu inavimba na kudondoka na vipande vya ukuta. Tumia chokaa iliyoloweshwa vizuri ikae muda mrefu, si ile ya kuchanganya asubuhi na kupiga mchana. Inapigwa nyembamba nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na inafunikwa magunia yaliyolowana kwa sababu jua la Bagamoyo likiikausha haraka inapasuka. Fundi atalalamika inachelewa. Ni kweli inachelewa. Kwenye blok zako piga lipu ya kawaida ukitaka, juu maliza kwa chokaa nyeupe kila baada ya msimu wa mvua, ikizeeka inazeeka pamoja na mtaa, rangi ya mafuta inang'aa tu pale peke yake.

Paa bati sawa, halina kosa, ila lile la bluu na jekundu linalong'aa hapana. Tengi la maji na ac ziwe upande wa uani.

Na ramani usiilipie yote kabla hujapita Halmashauri na kwa watu wa Mambo ya Kale, ipo sheria ya kulinda vitu na majengo ya kale tangu 1964 na wanaweza kukurudisha mwanzo, nenda na mchoro wa penseli tu wakuambie, ni rahisi kufuta penseli kuliko kubomoa msingi. Wanaouliza gari litakaa wapi: kama kiwanja hakina uchochoro wa nyuma, mi geti la mbele sichori.