Kwa nini mwanao hakuambii? Dhana potofu na ukweli wake

"Anayeogopa fimbo hadanganyi."
Dhana hii ndiyo iliyoota mizizi kuliko zote. Mwaka 2011 watafiti Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika shule mbili za Afrika Magharibi, moja ya viboko, nyingine ya kukemea bila kupiga. Watoto wa miaka 3 na 4 waliachwa chumbani na kitu cha kuchezea nyuma yao, wakaambiwa wasigeuke kutazama. Wengi waligeuka, katika shule zote mbili. Walipoulizwa, karibu wote wa shule ya viboko walikana. Wa shule ya pili, kama nusu tu. Tena wale wa viboko waliulinda uongo wao vizuri zaidi hata kwa maswali ya mtego. Kumbe fimbo inafundisha, ila somo lenyewe silo alilokusudia mzazi.

"Namchunguza, kwa hiyo namjua."
Kijana anayepekuliwa simu hujifunza kufuta meseji na kununua laini ya pili. Watafiti Håkan Stattin na Margaret Kerr waliwachunguza vijana wa miaka 14 nchini Sweden, na mwaka 2000 wakaonyesha kwamba mengi wanayoyajua wazazi kuhusu watoto wao husimuliwa na watoto wenyewe, kwa hiari. Sisemi mzazi asiulize mtoto alikuwa wapi jioni. Aulize, ila asidhani upelelezi utamletea siri.

"Likimpata baya atasema."
Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Takriban nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi.

"Mila zetu haziruhusu kuongea mambo hayo na watoto."
Mila gani? Pwani kulikuwa na unyago na jando, kukawa na somo na kungwi, watu wazima waliowafunda vijana, na waliyoyasema mle ndani mzazi wa leo hathubutu kuyatamka. Aliyeona haya ni baba mbele ya binti yake. Kazi ilikuwa ya wengine: somo, shangazi, bibi wa utani. Leo familia imepanga vyumba viwili Mbagala, Dar es Salaam, bibi yuko kijijini, shangazi anaonekana misibani. Nafasi ile imebaki wazi, na simu imeijaza.

Hofu ya kwamba ukimweleza utamfumbua macho nayo haina msingi. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018, uliopitia tafiti nyingi, unasema elimu ya jinsia haiharakishi vijana kuanza ngono.

Mtoto kwa kawaida hupima maji kwanza: "Mama, kikombe kimevunjika." Akijibiwa kwa kofi, la mwalimu anayemshikashika atalificha. Muulize kama amejikata, mfagie vipande pamoja, ya uzembe yafuate baadaye. Na kama kuna mambo huwezi kabisa kuyasema, mchague mama mdogo au mjomba anayempenda, umwambie mtoto waziwazi kwamba ana ruhusa kwenda kwake, na kwamba hutadai kuletewa maneno, isipokuwa akiwa hatarini. Tanzania na Kenya pia ipo namba 116 ya kuwasaidia watoto, na kupiga ni bure.