Birika Lako Halipandi Meli: Dhana Potofu Kuhusu Chai ya Alasiri Chumbani

Msimu wa likizo ukikaribia, simu yangu hujaa swali moja. Tiketi imelipwa, viza imetoka, sanduku liko wazi kitandani, ndipo mteja anapokumbuka: "Dada, kibirika changu kidogo cha umeme nikikifungia katikati ya nguo, si kitapita?" Hakitapita. Nimelisema kwa simu, nimelisema kwa WhatsApp, na nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ninayompa kila anayekata safari ya meli ya kitalii kwangu. Bado watu wanabeba. Basi leo nalieleza kwa kirefu, na zile dhana nyingine za chai nitazipitia njiani.

"Birika ni kitu kidogo, na hotelini mbona linaruhusiwa?"

Wanaoniuliza si washamba. Wamelala hoteli za London na Dubai, wakakuta chumbani birika, vikombe viwili na vipakiti vya majani, wakaona chumba ni chumba. Wengine walishasafiri na P&O Cruises kutoka Southampton na chai yao wakajipikia wenyewe. Safari hii wanakwenda Miami kupanda Royal Caribbean au Carnival, na wana hakika mambo ni yale yale.

Si yale yale. Kampuni zinazowalenga Waingereza, kama P&O, Cunard na Fred. Olsen, huweka birika na vikombe chumbani kwa sababu zinamjua mteja wao: Mwingereza akikosa chai alasiri, safari nzima inakuwa malalamiko. Meli za soko la Marekani kwa kawaida haziweki. Ukichukua chumba cha bei ya juu unaweza kukuta mashine ya kahawa, basi. Na hata pale penye birika, ruhusa ya kutumia lao si ruhusa ya kuleta lako. Hapo ndipo ubishi unapoanza: "Kama lao haliunguzi meli, langu litaunguzaje?"

Lao lilichaguliwa na watu wanaojua umeme wa meli ile, linajizima lenyewe, na mafundi wao wanalikagua. Lako wanalijulia wapi? Huenda ulilinunua mtaani miaka minne iliyopita, waya umeshaanza kuchubuka pale unapoingia kwenye kitako, na wewe umeuzoea hivyo hivyo.

Halafu kuna voti. Vyumba vingi vya meli hizi vina soketi ya Kimarekani ya voti 110 na ya Kiulaya ya voti 220. Birika la kwetu la voti 230 na wati 3,000 ukilichomeka kwenye ile ya 110, linabaki na chini ya robo ya nguvu yake, na maji yaliyochemka kwa dakika tatu nyumbani yatakuchukua kama robo saa. Huo ni usumbufu tu. Hatari iko upande wa pili: kibirika cha safari kilichonunuliwa Marekani kwa ajili ya voti 110, ukakichomeka kwenye 220, kinavuta nguvu mara nne ya kilichotengenezewa. Hakina nafasi ya kupona, na kinaungulia juu ya meza ya mbao, nusu mita kutoka pazia.

Ile hita ya kuchemshia maji, ya kutumbukiza kikombeni, ndiyo sitaki hata kuisikia. Haina kifuniko wala swichi ya kujizima. Maji yakikauka au kikombe kikianguka, ule waya unakuwa mwekundu palepale, na tunazungumzia chumba ambacho sakafu yake inaweza kuinama wakati wowote. Mtu anaichomeka, anaingia kuoga kidogo, na huku anasema, "Nitaisikia ikichemka."

Nchi kavu moto ukiwaka unatoka nje na kuwapigia zimamoto. Baharini zimamoto ni mabaharia walewale waliokuandalia kitanda asubuhi, na nje ni maji. Machi 2006 meli ya Star Princess ilikuwa safarini kuelekea Jamaika usiku, moto ukaanzia kwenye roshani ya chumba kimoja ukasambaa kwa vingine. Wachunguzi waliona kwamba chanzo kinachoelekea zaidi ni kipande cha sigara kilichotupwa ovyo. Abiria mmoja alikufa kwa moshi. Najua, haukuanza na birika. Lakini kama kipande cha sigara kiliweza kufanya vile, usishangae meli kukataa vitu vyenye waya wa kupasha joto kama birika, pasi, jiko la sahani, mashine ya kahawa. Wanakataa na mishumaa, na wanakataa ubani na udi. Hili nalitaja kwa ajili ya akina mama wa Pwani, maana kila mwaka yupo anayebeba kijitezo.

Ekstensheni nayo usibebe, hasa ile yenye kinga ya umeme unaopanda ghafla, ambayo watu huiona ndiyo salama zaidi. Umeme wa meli haukufungwa kama wa nyumba, na kinga ile inaweza kupata joto hadi kuwaka. Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu jambo hili mwaka 2013.

Sasa nikueleze kinachotokea ukikaidi. Sanduku unalikabidhi kwa wapagazi bandarini, linapita kwenye eksirei, na birika linaonekana waziwazi: kitako cha duara, waya umejizungusha, hakuna nguo inayolificha. Jioni jirani zako wote wanapata masanduku yao mlangoni. Lako halifiki. Unapiga simu, unaelekezwa ushuke sitaha za chini kwa watu wa usalama, na huko unakuta foleni ya wenzako kila mmoja akiangalia viatu vyake. Mezani zimepangwa pasi, mabirika na ekstensheni, kila moja na karatasi yenye namba ya chumba. Unafungua sanduku mbele ya watu, unakitoa mwenyewe, unasaini. Kwa kawaida utarudishiwa siku ya kushuka, ukikumbuka kukidai. Meli imeshang'oa nanga, wenzako wako juu wanapiga picha, na wewe uko chini na nguo zako za ndani mezani kwa sababu ya kikombe cha chai.

"Basi bila birika langu sitapata chai ya maana chumbani"

Utapata, tena bila kuchemsha chochote. Ushauri wangu ni mmoja na sitauchoka: nunua chupa ya chai nzuri, ya chuma, ya lita moja au nusu yake, na uibebe ikiwa tupu. Ile haina waya, hakuna atakayekuuliza.

Kosa la kwanza la wenye chupa ni kwenda nayo moja kwa moja kwenye bomba la maji ya moto pale bafe na kuusukuma mdomo wake hadi uguse bomba. Wahudumu watakuzuia, na wana haki. Mdomo wa chupa uliotoka kinywani mwako ukigusa bomba linalotumiwa na maelfu ya watu, hiyo ndiyo njia ya virusi vya norovirus, na ugonjwa wa kutapika na kuhara ukiingia melini, huwa haushuki mapema. Mpe mhudumu akujazie kwa jagi, au agiza jagi la maji ya moto kwa simu ya chumbani.

La pili ni joto. Majani meusi yanataka maji yaliyotoka kuchemka. Maji ya bafe mara nyingi yako chini ya hapo, na ya mashine ya kahawa ni chini zaidi, tena yanakuja na harufu ya kahawa ya mtu wa jana. Kwa hiyo suuza chupa kwa maji ya moto kwanza, umwage, ndipo ujaze. Weka vifuko viwili vya majani badala ya kimoja, funga, subiri dakika tano kamili. Mteja anayefungua baada ya dakika moja kisha akaniandikia kwamba chai ya meli ni maji ya rangi, mimi simjibu.

Maziwa sasa. Britannia, meli ya Cunard, ilipoanza safari zake za Atlantiki mwaka 1840, ilipakia ng'ombe ili abiria wapate maziwa. Siku hizi utapewa vikopo vidogo vya maziwa ya kudumu, na ukivimimina vikiwa baridi unaiua chai. Omba jagi la maziwa ya moto pamoja na yale maji. Ukitia iliki na tangawizi ya unga uliyobeba kwenye pakiti iliyofungwa, haitakuwa ile iliyochemka jikoni kwa mama, lakini itakaribia. Na jikoni na mezani melini wamejaa Wahindi. Uliza kwa adabu kama siku hiyo wana chai ya masala. Mara nyingi ipo, haijaandikwa popote.

Majani, beba ukitaka. Nina wateja wanaosafiri na pakiti za Kericho kana kwamba wanakwenda jangwani. Kenya ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa chai nyeusi duniani, na mnada wa Mombasa ndiko wanunuzi wa Uingereza wanakochota sehemu kubwa ya chai wanayochanganya. Kifuko utakachopewa melini huenda kimetoka bandari ileile unayoiona kutoka dirishani kwako Kizingo.

"Chai ya alasiri ukiletewa chumbani ni bure, kila meli"

Inategemea kampuni, na soma kabla ya kuagiza. Royal Caribbean walianza mwaka 2017 kutoza dola 7.95 kwa kila agizo la chumbani, isipokuwa kifungua kinywa chepesi. Norwegian nao wanatoza. Ukiwa kwenye meli inayotoza, hakuna anayekukataza kwenda bafe, kujaza sahani sandwichi ndogo na keki, na kurudi nayo chumbani. Watu wanaona aibu kutembea na sahani kwenye lifti. Aibu ya nini? Nusu ya lifti imebeba pizza.

Na tafadhali, msimgombeze anayesafisha chumba kwa sababu chai haijafika. Yeye ni idara nyingine kabisa. Agizo linapokelewa kwa simu na kuletwa na mtu mwingine, na huyo ukimpa dola moja au mbili mkononi, kesho utaona tofauti. Siku za baharini, kati ya saa tisa na nusu na saa kumi na nusu alasiri, meli nzima inataka chai kwa pamoja. Agiza saa nane u nusu, uwaambie wakuletee saa tisa.

Hizi nyingine hazihitaji maneno mengi.

"Maji ya meli ni ya bahari, chai itakuwa na chumvi." Hapana. Chumvi huondolewa kwa mitambo ya kuvukiza au ya kuchuja kwa shinikizo, au maji hupakiwa bandarini, kisha yanatiwa klorini. Ukihisi ladha ngeni ni hiyo klorini, na ikikusumbua sana tumia maji ya chupa.

"Chai ya alasiri lazima uvae suti." Kwenye kumbi za Queens Room za Cunard, ambako wahudumu hutandaza chai saa tisa na nusu wakiwa na glavu nyeupe, mavazi nadhifu ya mchana yanatosha, masharti ya mavazi yanaanza saa kumi na mbili jioni. Chumbani kwako vaa khanga, nani anakuona? Ila usikose kabisa ile ya ukumbini. Mara moja nenda, zile skonzi za krimu na jemu zinaliwa zikiwa na joto, na hadi zifike chumbani zimeshapoa.

"Chai ya tangawizi inazuia kichefuchefu cha bahari." Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu kidogo. Kama unajijua unaugua, meza dawa kabla bahari haijachafuka, na siku hiyo usijaze kikombe kupita nusu.

"Tangawizi mbichi ni bora, nabeba kilo." Meli zinakuruhusu vyakula vya pakiti visivyoharibika, si mizizi yenye udongo. Na hata ikipita melini, kuna forodha za bandari unazoshukia. Australia, kwa mfano, unatakiwa kutangaza mimea na vyakula, na sandwichi ya bafe uliyoisahau mkobani nayo ni chakula. Beba ya unga.