Kunguni wa Mbeya hawafi kwa baridi: dhana potofu zinazowalea kwenye nyumba za kupanga

Anayehamia Mbeya kutoka Dar es Salaam au Morogoro hupewa nasaha mbili na wenyeji: anunue blanketi zito, na asihangaike na kunguni kwa kuwa baridi ya huku haiwaachi hai. Ya kwanza ni kweli.

Ya pili imewaponza wengi. Ndiyo inayomfanya mtu awashwe mwezi wa sita, adhani ni viroboto au sabuni mpya ya kufulia, na aendelee kudhani hivyo mpaka ukuta wa kichwani umeanza kuchafuka.

"Baridi ya nyanda za juu inawaua"

Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa mjini ni chini kidogo ya hapo. Juni na Julai usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na kule Makete na Kitulo majani huamka yameganda. Ila kunguni hakai kwenye majani. Anakaa kwenye chumba kilichofungwa madirisha, hatua moja kutoka kwa watu wawili waliojifunika, na hapo joto linamtosha. Ili baridi imuue inabidi umtie kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri na umwache humo siku nne hivi. Hakuna chumba cha Forest ya Mbeya wala Gangilonga ya Iringa kinachofika huko, hata wapangaji wakilalamika vipi.

Baridi yetu inamsaidia, tena sana. Kunguni hawezi kupasha mwili wake joto mwenyewe, kwa hiyo kukiwa na ubaridi mwili unapunguza kasi na njaa inachelewa. Kwenye joto la pwani kunguni aliyekosa damu hamalizi miezi mingi. Kwenye nyuzi 10 hadi 13, majaribio ya maabara yaliwakuta wengine wakimaliza mwaka mzima bila kula. Ndiyo maana mwalimu au mwanafunzi anayefunga chumba likizo ya mwezi mmoja akiamini atakuta wamekufa njaa, anarudi kukuta wenyeji wake wanamngoja.

Mayai nayo yanachelewa. Kwenye joto huanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10. Kwenye chumba cha nyuzi 18 yanaweza kuchukua wiki tatu. Anayepuliza dawa Mbeya kwa ratiba aliyopewa na ndugu yake wa Dar, yaani duru ya kwanza halafu ya pili baada ya wiki mbili basi, kwa msimu wa baridi amepuliza duru zote mbili mayai yakiwa bado mazima. Dawa nyingi za kupuliza haziui mayai. Panga duru ya tatu.

"Kunguni ni wa watu wachafu"

Hii ndiyo inayoeneza kunguni kuliko godoro lolote. Kunguni hali makombo wala taka. Anakula damu tu, na humfuata mtu kwa hewa anayopumua, joto la mwili na harufu yake. Kitanda cha mninga kilichopakwa vanishi, kwenye chumba kinachopigwa deki asubuhi na jioni, kina viungo na matundu ya skrubu sawasawa na kitanda kingine chochote. Kilicho kweli ni kwamba mrundikano wa vitu chini ya kitanda unampa pa kujificha, na nguo zilizovaliwa zikiachwa wazi sakafuni zinamvuta: jaribio la Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, lililochapishwa 2017, liliwakuta wakikusanyika kwenye nguo zilizovaliwa kuliko zilizofuliwa. Mfuko wa kufungwa mdomo kwa nguo chafu unatosha.

Lakini kwa kuwa tumeshakubaliana kwamba kunguni ni aibu, mpangaji akiwaona ananyamaza. Ukimgusia jirani kwenye korido, "Dada, kwako hamjaona wadudu kweli?", anakujibu kwa haraka, "Kwangu? Hapana, mimi usafi wangu unaujua." Wakati huo kunguni wanapita chini ya mlango, kwenye tundu la bomba la maji na njia za nyaya, wanahamia chumba cha pili. Kwenye ghorofa moja la Marekani lenye apatimenti 223, watafiti walikuta kwamba chini ya miaka minne tangu kunguni wagunduliwe, karibu nusu ya apatimenti zilikuwa zimeshaingiliwa, na wengi katika wapangaji wake hawakuwa na habari. Nyumba zetu hazina urefu huo, ila kuta ni za kushirikiana vilevile. Ukiwaona, waambie wa kulia, wa kushoto, wa juu na wa chini siku hiyohiyo, na mwenye nyumba pia.

"Dawa kali itamaliza kazi"

Mbeya ni mji wa wakulima, na duka la pembejeo haliko mbali na mtu. Kwa hiyo dawa ya viazi au ya kahawa inaingia chumbani, inachanganywa kwa kukadiria na kumwagwa kwenye godoro ambalo mtoto atalalia usiku. Viuatilifu vya shamba vimetengenezwa kupulizwa nje, vikauke na kusambaratika juani. Ndani ya chumba kilichofungwa vinabaki, na wewe unavivuta.

Vidonge vya kuhifadhi mahindi ndivyo vibaya kuliko vyote, na hapa sitaki kupunguza maneno. Vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo haijui chumba chako kimeishia wapi: inapita kwenye ufa, kwenye dari lililounganisha vyumba vyote, inamkuta jirani amelala. Haina dawa ya kuiondoa sumu yake mwilini. Kwenye nyumba wanayoishi watu, na hasa ya vyumba vilivyoshikana, kuviweka ni kuhatarisha roho za familia usizozijua. Mafuta ya taa kwenye kitanda na godoro la sponji ni hatari ya aina nyingine, na moto wake hauhitaji maelezo.

Kisha kuna chupa ndogo za wachuuzi wa stendi, zisizo na lebo, zinazouzwa kwa sauti kubwa. Hujui kilichomo wala kipimo chake. Mara nyingi ukipuliza utaona wachache wakianguka, nawe utaridhika, kumbe waliobaki wametawanyika hadi kwenye soketi na mbao za dari. Tena dawa nyingi za dukani ni za kundi la pairethroidi, na kunguni wameshaizoea. Haya tumeyaona hapahapa Tanzania: utafiti wa vijiji vya Muheza, Tanga, uliochapishwa 2002, ulikuta kunguni wa nyumba zilizotumia vyandarua vyenye dawa hiyo kwa miaka wamekuwa sugu. Mwanzoni vyandarua vilikuwa vinawaua na watu walivipenda kwa hilo.

Ukiamua kutumia dawa, iwe ya matumizi ya nyumbani, yenye lebo na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na mpulizaji aandae nyumba nzima badala ya chumba kimoja cha aliyelalamika.

"Nitalianika godoro juani"

Kunguni na mayai yake hufa haraka joto likifika nyuzi 50. Jua la Mbeya linachoma ngozi, ila hewa ni baridi, na katikati ya godoro la inchi nane hapafiki kiwango hicho. Wanachofanya ni kuhamia upande wa kivulini. Kuanika hakudhuru, ni kwamba tu si dawa. Kinachofanya kazi ni mashuka na mapazia kuchemshwa au kuloweka kwenye maji ya zaidi ya nyuzi 60, pasi ya moto kupitishwa taratibu kwenye mishono ya kitambaa cha godoro, na maji yanayochemka kumwagwa kwenye viungo vya kitanda kikiwa kimetolewa nje.

Na kitanda kifunguliwe kweli. Watu wengi hukagua shuka, wakaona safi, wakalala. Washa tochi ya simu, ng'oa chaga moja baada ya nyingine na uzigeuze. Pale chaga inapolalia ubao wa pembeni ndipo pa kuanzia, kisha matundu ya skrubu, kisha nyuma ya ubao wa kichwani, kisha mkunjo wa mshono wa godoro. Pitisha kadi ngumu ya simu ndani ya ufa, taratibu. Unachotafuta ni vidoa vyeusi vidogo kama vilivyogongwa kwa ncha ya kalamu ya wino. Lowesha pamba, futa: kikisambaa kwa rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha kunguni, damu iliyokwisha kusagwa. Karibu yake kuna maganda ya kahawia hafifu, kwa sababu kunguni hujivua mara tano kabla ya kukomaa, na mayai meupe ya milimita moja yaliyogandishwa kwenye mbao. Mkubwa mwenyewe ana milimita 4 hadi 5, bapa, na anaonekana kwa macho bila shida. Wanaosema hawaonekani hawajafungua kitanda.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Kunguni hana mabawa na haruki, anatembea tu. Haambukizi virusi vya UKIMWI wala malaria. Madhara yake ni mwasho, vidonda vya kujikuna na usingizi uliopotea. Taa ikiwaka usiku kucha haimzuii, na mlinzi au muuguzi anayelala mchana ataumwa mchana. Mume akiwa na vipele na mke hana, huenda wote wawili wameumwa: kuna watu ambao ngozi zao hazionyeshi kitu, na wengine vipele hutokea siku kadhaa baadaye. Ugomvi wa "mbona mimi siumwi" hauna msingi.

"Miguu ya kitanda kwenye makopo inatosha"

Mbinu ya wazee ya kuweka matendegu ndani ya makopo ina akili yake, kwani kunguni wengi hupanda kitanda kwa miguu hiyo. Kopo liwe na ukuta laini ndani, na ukipaka poda ya mtoto wanateleza. Hili ni muhimu huku kwetu, maana kunguni wa nchi za joto hupanda kuta laini vizuri kuliko mwenzake wa Ulaya. Lakini angalia kitanda chenyewe. Ubao wa kichwani umegusa ukuta, blanketi limeburuzwa sakafuni, na kamba ya chandarua imefungwa kwenye msumari wa dari. Hiyo kamba ni daraja. Sivyo kwamba utoe chandarua, mbu wapo. Kikague pindo na pembe kila unapokifua.

Njia yao ya kuingia nyumbani si ya ajabu wala hawakutumwa na mtu. Ni kochi la mtumba lililoletwa na bajaji kutoka Mwanjelwa, begi lililokaa sakafuni gesti ya Tunduma au Makambako, na zaidi ya yote tranka na godoro la mwanafunzi wa bweni. Desemba na Juni, mtoto akishuka, nguo zake ziende moja kwa moja kwenye maji ya moto, tranka lifunguliwe nje uani.

"Chumba kimepakwa rangi mpya na kimekaa wazi, hakina kitu"

Dalali atakuambia hivyo, na kwa yale niliyosema kuhusu njaa na baridi unajua kwa nini miezi miwili ya chumba kuwa wazi haithibitishi chochote. Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, mulika kwenye matundu ya misumari, viungo vya fremu za milango, reli za mapazia na pembe za kabati la ukutani. Rangi mpya hufunika vidoa vya ukutani, ndani ya ufa haiingii. Muulize mpangaji wa jirani, na mkubaliane na mwenye nyumba kwa maandishi nani atagharamia upulizaji wakitokea. Ziba nyufa kwa plasta na mizunguko ya mabomba kwa silikoni. Kwenye soketi usimwage kimiminika chochote. Fanya hayo kabla ya kushusha mizigo. Chumba kikiwa kitupu ni kazi ya asubuhi moja, vitu vikishaingia utahitaji watu wawili na siku nzima.