Dhana Potofu Kuhusu Ultramarathoni za Milimani na Kikosi cha Wasaidizi

Mwaka 2006 Brian Morrison aliingia katika uwanja wa shule mjini Auburn, California, akiongoza mbio za Western States, kilomita 161 za milima na makorongo. Kilichobaki hakikufika mzunguko mmoja wa uwanja. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Watu wake waliokuwa pembeni wakafanya ambalo yeyote mwenye moyo angelifanya: wakamwinua na kumsaidia kufika mstarini. Kwa msaada huo akaenguliwa, na ushindi ukaenda kwa Graham Cooper aliyefika nyuma yake.

Kisa hiki husimuliwa kwa kumhurumia mkimbiaji. Mimi hukitazama kutoka upande wa wasaidizi, wale wanaomngoja mkimbiaji vituoni na chakula, nguo na ushauri. Saa ya ishirini na kitu hakuna aliyetulia, si anayekimbia wala anayemngoja, na uamuzi unaofanywa hapo hufanywa na moyo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maandalizi ya pamoja ni kuamua mambo mapema, wakati kila mtu amelala vizuri na ameshiba. Dhana nyingi potofu kuhusu ultramarathoni, yaani mbio ndefu kuliko marathoni, hutokana na kudhani kwamba nia njema itafanya kazi hiyo siku yenyewe.

"Aliyeweza marathoni anaongeza kilomita tu"

Milimani, kilomita hazisemi mengi. UTMB, mbio zinazouzunguka Mont Blanc kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, zina urefu wa kilomita 171 hivi, lakini humo mkimbiaji hupanda jumla ya mita zipatazo 10,000, zaidi ya kimo cha Everest kutoka usawa wa bahari. Hardrock 100 ya Colorado ina upandaji unaokaribiana na huo, na sehemu yake ya juu kabisa, Handies Peak, inapita mita 4,280, ambako oksijeni ni haba. Jim Walmsley aliposhinda UTMB mwaka 2023 kwa saa 19 na dakika 37, wastani wake haukufika kilomita 9 kwa saa. Na huyo ndiye bingwa. Hata walio mbele kabisa hutembea kwenye miinuko mikali, na anayeona kutembea ni aibu atakuwa amemaliza miguu kabla giza halijaingia. Kupanda kwa mwendo wa haraka, fimbo mkononi, ni ujuzi unaojengwa kwa miezi.

Mteremko ndio unaovunja watu zaidi. Unaposhuka, misuli ya mapaja hunyooshwa huku imekaza kuzuia uzito wa mwili, na kazi ya namna hiyo huichana nyuzi zake kuliko kupanda. Western States huteremka mita zipatazo 7,000 na kupanda 5,500 tu, na wengi wanaokwama njiani hukwama kwa sababu mapaja yamekataa kushuka. Habari njema ni kwamba misuli hujifunza haraka: mazoezi machache ya kushuka kwa nguvu huipa kinga inayodumu kwa wiki kadhaa. Basi mshuko mzito wa mwisho uwe wiki mbili au tatu kabla ya mbio, usiwe siku nne kabla.

Jambo hili linawahusu wasaidizi moja kwa moja. Msaidizi anayegawanya umbali kwa saa, kana kwamba njia ni tambarare, atafika kituoni mtu wake ameshapita, au atakesha kwenye baridi bila sababu. Kila kituo kiandikiwe saa tatu: ya mapema kabisa, ya kutarajiwa, na ya kituo kufungwa. Hiyo ya tatu ndiyo watu husahau kuiandika.

"Wasaidizi wangu watanifuata popote"

Watakufuata panaporuhusiwa. UTMB hairuhusu msindikizaji wa kukimbia nawe, na msaada binafsi hutolewa katika vituo maalumu tu, na mtu mmoja tu ndiye anayeingia eneo hilo. Western States huruhusu msindikizaji, kwa kawaida kuanzia kituo cha Foresthill, kilomita 100 hivi kutoka mwanzo. Barkley Marathons ya Tennessee huruhusu msaada kambini tu, kati ya mzunguko mmoja na mwingine. Chupa ya maji iliyopokelewa mahali pasiporuhusiwa inaweza kukugharimu muda wa adhabu au nafasi yenyewe. Kitabu cha kanuni kisomwe na wasaidizi wote. Isiwe kazi ya mkimbiaji peke yake, maana yeye siku hiyo hatakuwa na akili ya kukumbuka ibara ya ngapi inasema nini.

"Nguo za baridi zikae garini, nikimbie mwepesi"

Tarehe 22 Mei 2021, katika mbio za kilomita 100 mkoani Gansu, China, hali ya hewa ilibadilika ghafla wakimbiaji wakiwa kwenye mpando mkali usiofikika kwa gari. Upepo, mvua ya barafu, joto likashuka. Watu 21 walikufa kwa miili kupoa kupita kiasi, wakiwemo wakimbiaji hodari wa nchi hiyo. Koti la kuzuia upepo halikuwa kwenye orodha ya vitu vya lazima.

Nikisikia mtu akilalamika kuhusu uzito wa vifaa vya lazima, hilo ndilo ninalolikumbuka. UTMB hudai koti lisilopitisha maji lenye kofia, taa mbili za kichwani, blanketi la dharura, filimbi, simu, akiba ya chakula na uwezo wa kubeba angalau lita moja ya maji, na vyote vikae mgongoni mwa mkimbiaji muda wote. Koti lililo garini halimsaidii aliye mgongoni mwa mlima. Mwili unaokimbia hutoa joto jingi, lakini ukianza kutembea kwa uchovu, na nguo zimelowa jasho, joto hilo hutoweka upesi. Kazi ya msaidizi hapa ni ukaguzi: kabla ya kumruhusu mtu aondoke kituoni jioni, mfungulie mkoba uone kwa macho yako kama koti limo na taa inawaka. Asikuambie tu kwamba vimo.

"Wakiwa wengi ndiyo bora"

Wawili wanaojua kazi wanatosha, watatu kama barabara kati ya vituo ni ndefu. Mmoja awe kiongozi na neno lake liwe la mwisho, la sivyo mkimbiaji ataketi akishauriwa na watu watano huku dakika zinakwenda. Na wasaidizi nao wapangiwe zamu za kulala. Barabara za milimani usiku, dereva akiwa macho tangu alfajiri ya jana, ni hatari kubwa kuliko nyingi zinazomkabili anayekimbia.

"Mpe moyo tu, mwambie anapendeza"

Hapa ndipo penye utajiri wa mambo, na ndipo wengi hupachukulia kijuujuu. Sifa hazidhuru, lakini hazina habari ndani yake. Msaidizi mzuri huuliza maswali yenye majibu: umekula nini tangu kituo kilichopita? Mara ya mwisho umekojoa saa ngapi, na rangi yake ilikuwaje? Kuna mahali kwenye kiatu panaunguza? Swali la mwisho lina uzito wake. Palipoanza kuwaka pakifungwa plasta mapema huchukua dakika mbili, na malengelenge yaliyopasuka yanaweza kumaliza mbio.

Usimwulize aliyechoka hoi "unataka nini?" Atakwambia hataki kitu, na atakuwa anasema kweli, kwa sababu hamu ya kula imekufa na ubongo umegoma kuchagua. Mpe viwili achague kimoja: supu au viazi? Akikataa vyote, mtie kimoja mkononi aondoke nacho. Umwambie mapema kwamba utafanya hivyo, ili saa hiyo isigeuke ugomvi. Nimeona watu wanaopendana sana wakigombana kituoni kuhusu soksi.

Kuhusu kujitoa, kubalianeni wiki moja kabla. Kanuni ninayoiamini ni hii: hakuna anayejitoa akiwa amekaa, ana njaa, na ni usiku wa manane. Ale kwanza, apate joto, abadilishe nguo zilizolowa, asinzie dakika ishirini kama muda upo, halafu ndipo mzungumze. Wengi huinuka. Saa kati ya usiku wa manane na alfajiri nguvu za mwili hushuka zenyewe, na mtu huona maono: mawe yenye sura, watu wasiokuwepo. Hilo pekee si ugonjwa, ni usingizi.

Lakini kanuni hiyo haihusu dalili za hatari, na hizi nazo ziandikwe mapema, kwa sababu mkimbiaji atazikana. Anayejibu ovyo au hajui yuko wapi. Mwenye maumivu ya kifua. Anayetapika kila anachoingiza. Aliyekuwa akitetemeka kwa baridi akaacha kutetemeka huku bado ana baridi. Anayekojoa mkojo wa rangi ya kahawa nzito. Hao hupelekwa kwa daktari wa mbio, na uamuzi ni wa kiongozi wa kikosi, hata mkimbiaji akilia.

"Kunywa maji mengi kadiri uwezavyo"

Msaidizi mwenye huruma, chupa mkononi, anaweza kumwumiza mtu wake kwa dhana hii. Anayekunywa kupita mahitaji kwa saa nyingi hupunguza kiwango cha sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, katika damu, maji yakaingia kwenye seli, ubongo ukavimba, na watu wamewahi kufa kwa hali hiyo. Wataalamu waliokutana na kutoa msimamo wa pamoja mwaka 2015 walishauri jambo rahisi: kunywa kwa kufuata kiu. Vidonge vya chumvi havimkingi anayekunywa kupita kiasi.

Ugumu ni kwamba dalili zinafanana na za upungufu wa maji au uchovu wa kawaida: kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Tazama mikono. Vidole vilivyovimba, pete inayobana, mtu aliyeongezeka uzito badala ya kupungua, hizo ni dalili kwamba maji yamezidi. Kupungua uzito kidogo ni jambo la kutarajiwa. Ukishuku, usimsukumie maji mengine, mwite mhudumu wa afya.

"Kidonge cha maumivu hakina neno"

Ibuprofeni hupunguza mtiririko wa damu kwenye figo, na figo za mkimbiaji tayari zimebanwa na joto, upungufu wa maji na mabaki ya misuli iliyochanika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanyika katika hatua ya kilomita 80 ya ultramarathoni ya siku kadhaa, uliona figo zikidhurika kwa asilimia 52 ya waliotumia ibuprofeni, dhidi ya asilimia 34 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Isikae kwenye sanduku la wasaidizi. Hapa sina la kuongeza.

"Tumbo litajua lenyewe siku hiyo, na wasaidizi watajifunza palepale"

Utumbo hufundishika kama mapafu. Lengo la gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa halifikiki na mtu ambaye mazoezini hukimbia na maji matupu. Anza kidogo, ongeza wiki hadi wiki, na ujaribu pia vitu vya chumvi, kwa sababu baada ya saa kumi na mbili jeli tamu ya kuongeza nguvu huchukiza hata harufu yake.

Wasaidizi nao wanahitaji mazoezi. Chagueni usiku mmoja wa mbio ndefu, mkutane sehemu mbili zilizopangwa, mfanye kila kitu kama siku yenyewe: kubadilisha betri gizani, kuvalisha soksi kwenye miguu yenye tope, kujaza chupa mbili huku mkimbiaji anakula. Mtagundua kwamba mfuko wa vitu uliopangwa kwa mpangilio wa mkimbiaji haueleweki kwa mtu mwingine. Vitu vikae katika mifuko midogo inayoonyesha ndani, yenye jina la kituo nje, "baridi" kwenye mmoja, "miguu" kwenye mwingine. Saa ya kuondoka isemwe kwa sauti mkimbiaji anapoketi, siyo anapoanza kuzoea kiti.

"Bila wasaidizi humalizi"

Humalizi vizuri bila maandalizi, hilo kweli. Lakini watu wengi humaliza mbio hizi peke yao, wakitegemea vituo vya waandaaji na mifuko ya vitu vyao inayopelekwa mbele vituoni. Jasmin Paris, mwanamke wa kwanza kumaliza Barkley, mwaka 2024, alifika kwa saa 59, dakika 58 na sekunde 21, ukomo ukiwa saa 60. Alikuwa na watu wa kumhudumia kambini, lakini njiani, ambako ndiko saa karibu zote zilikotumika, hapakuwa na msaidizi.

Asiye na kikosi ajiandikie karatasi moja kwa kila mfuko wa mbele, iliyofunikwa plastiki isilowe. Iwe ya amri, kwa sababu atakayeisoma hatakuwa na uwezo wa kuchagua: kula kabla ya kukaa. Badilisha betri hata kama taa bado inawaka. Vua viatu, tazama vidole. Jaza chupa zote mbili. Saa ya kituo kufungwa iandikwe juu kabisa, kwa wino mwekundu.