Mkataba Kwanza, Barua Baadaye: Kusoma Nyaraka za Chakula cha Wanamaji

Mtafiti anayefungua kwa mara ya kwanza nyaraka za msimamizi wa ugavi wa jeshi la wanamaji huvutwa na barua, kwa kuwa humo ndimo yalimo majina, hasira na malalamiko. Mimi, ambaye kazi yangu ni kupanga na kufafanua nyaraka za namna hii, humshauri aanze na mikataba. Mfano ninaoupenda ni wa Samuel Pepys wa Uingereza, aliyeingia Bodi ya Wanamaji, ofisi iliyoshughulikia meli na mahitaji yake, akiwa karani wake mwaka 1660, akaongezewa usimamizi mkuu wa chakula cha meli mwaka 1665, na mwaka 1673 akawa Katibu wa Admiralty, ofisi kuu ya jeshi la wanamaji.

Mkataba wa chakula wa mwishoni mwa mwaka 1677 ulimpa kila baharia ratili moja ya biskuti ngumu ya ngano na galoni moja ya bia kwa siku. Haukuishia hapo. Biskuti iwe safi, ya unga uliochekechwa vema na iliyookwa ikaiva. Nyama iwe ya ng'ombe aliyenona, aliyechinjwa na kutiwa chumvi Uingereza. Na siku za samaki, yaani siku zisizo za nyama, chewa wa Bahari ya Kaskazini mwenye urefu wa inchi 24 agawiwe watu wanane, lakini haberdine, yaani chewa wa chumvi, akiwa wa inchi 16, wanne tu. Aliyewahi kuandaa zabuni ya serikali ataitambua lugha hii mara moja: hakuna anayempima samaki kwa inchi ndani ya mkataba kama hajawahi kuletewa vidagaa. Ndiyo maana mimi huusoma kila mstari wa sifa za bidhaa kama kumbukumbu ya udanganyifu uliokwisha kutokea.

Hata safari za mbali zilitengewa kifungu. Meli zikipita kusini ya latitudo 39 Kaskazini, mzabuni aliruhusiwa kutoa divai au brandi badala ya bia, mchele wa Milan badala ya samaki, na mafuta ya zeituni badala ya siagi.

Baada ya hapo ndipo barua huanza kueleweka. Tarehe 1 Januari 1666 Pepys alimwandikia Sir William Coventry, kamishna mwenzake katika Bodi ya Wanamaji, waraka mrefu, akauita zawadi ya mwaka mpya, kuhusu makarani wa chakula melini. Katika shajara yake alikuwa ameshaandika kwamba karani asiyeiba ni karani wa hasara, yaani mfumo wenyewe ndio uliomlazimisha kuhesabu posho za watu wasiokuwepo. Pepys alitaka hesabu zipangwe upya ili karani asipate faida kwa kudanganya idadi ya mabaharia. Hoja hiyo naiona nzito kuliko lawama zote alizowatupia watu mmoja mmoja, ingawa yeye mwenyewe alipokea fedha kutoka kwa Denis Gauden, mzabuni mkuu wa chakula, akaziandika bila haya katika shajara hiyohiyo. Gauden naye alikuwa akiidai serikali fedha nyingi zilizochelewa kulipwa, na deni la namna hiyo lilishuka hadi kwenye pipa la nyama, yaani liliishia kumuumiza baharia katika chakula chake.

Mwaka 1683 kazi ya kuwalisha wanamaji ilitolewa mikononi mwa wazabuni wakuu ikakabidhiwa Bodi ya Chakula ya serikali yenyewe, iliyodumu hadi 1832. Kuanzia hapo mtafiti atakuta mikataba midogomidogo ya bidhaa mojamoja, na itambidi aisome sambamba na barua za Bodi kwa Admiralty, ambazo nyingi zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Bahari, Greenwich.